Vitatuzi vya Namba na Matangi ya Maji ya Uwanda wa Makonde: Kwa Nini Kasi Haitoshi Kuwa Kipimo

Ikisiri

Makala haya yanapinga desturi ya kulinganisha vitatuzi vya namba vya uigaji wa zege kwa muda ambao kompyuta imetumia. Kwa mfano wa tangi la maji ya mvua la kaya moja ya Newala, yanaonesha kwamba vitatuzi viwili vinavyokubaliana kuhusu mzigo wa kilele vinaweza kutofautiana karibu mara kumi na mbili kuhusu nishati inayomezwa na ufa. Yanadai kwamba ulinganisho wowote usioonesha mizania ya nishati, na usiotaja hesabu zilizokwama, hauna thamani kwa mhandisi wa wilayani.

Utangulizi

Juu ya uwanda wa Makonde maji hayakai. Mvua hunyesha msimu mmoja, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na mchanga wa uwanda huyanywa maji yake papo hapo. Hakuna mto unaotiririka huko juu. Karl Weule, mtafiti wa Leipzig aliyepita Masasi na kukaa Newala mwaka 1906, aliiona shida hiyo na kuiandika. Miaka ya 1950 likaundwa Shirika la Maji la Makonde ili kuyapandisha maji kutoka bondeni, na hata sasa maji ya bomba hutegemea pampu zinazosukuma kutoka Mitema, katika bonde la Kitangari. Pampu ikisimama, kinachobaki ni tangi la nyumbani: bati, mfereji wa kukinga maji, na duara la matofali ya saruji lililopigwa lipu ndani na nje.

Tangi la namna hiyo mara chache huanguka. Huharibika kwa ufa. Ufa mwembamba kuliko unywele unatosha kulimaliza tangi lililojaa Aprili kabla Septemba haijafika, na mwenye nyumba hugundua anapofunua mfuniko na kuona alama ya maji imeshuka ilhali hakuna aliyechota kiasi hicho. Kwa hiyo swali analopaswa kuulizwa mhandisi kuhusu tangi si mzigo gani litahimili tu, bali ni nini kitatokea baada ya ufa wa kwanza: je, utafunguka polepole, mtu akapata nafasi ya kupunguza maji na kuziba, au ukuta utaachana mara moja?

Swali hilo linajibiwa na hesabu, na hesabu ya aina hiyo haifanyiki kwa mkono. Ndipo vitatuzi vya namba vinapoingia, yaani taratibu ambazo kompyuta hufuata kutatua milinganyo ya mbinu ya elementi. Dai langu ni hili: namna tulivyozoea kuvilinganisha vitatuzi hivyo imejengwa juu ya kipimo kisicho sahihi, na madhara yake ni makubwa zaidi mahali ambapo vifaa vya ujenzi ni dhaifu na kompyuta ni ndogo.

Wapinzani wawili

Machapisho ya uigaji wa zege yana aina moja ya makala inayojirudia. Mwandishi huchukua boriti au mchemraba, huutatua kwa taratibu tatu au nne, hupanga jedwali la sekunde, kisha humtangaza mshindi. Mizigo ya kilele ikikaribiana, huhesabu kwamba vitatuzi vyote ni sahihi, na kilichobaki ni kasi. Huyo ni mpinzani wa kwanza.

Wa pili yuko karibu nasi zaidi. Ni mhandisi anayesema uigaji ni anasa ya miradi mikubwa. Daraja la Umoja la Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720 na lililofunguliwa mwaka 2010, lilikuwa na washauri wake na kompyuta zao. Tangi la Newala linahitaji fundi mwaminifu na kipimo cha mchemraba wa milimita 150 uliovunjwa siku ya 28, basi. Hoja hii ina ukweli wa nusu. Fundi mwaminifu anahitajika kuliko kompyuta yoyote. Lakini mchemraba hupimwa kwa kugandamizwa, wakati ukuta wa tangi huharibika kwa kuvutwa, na mchemraba haukwambii lolote kuhusu kinachofuata baada ya kuvunjika. Anayetegemea mchemraba peke yake amepima kitu kingine.

Kuhusu tabia ya zege lenyewe hakuna ubishi wa kutuchelewesha. Tangu Hillerborg, Modéer na Petersson walipochapisha kazi yao mwaka 1976 inafahamika kwamba ufa wa zege hauachani mara moja: hupitisha mvutano unaopungua kadiri unavyofunguka, na eneo chini ya mchoro huo ndiyo nishati ya kupasua eneo la mita moja ya mraba. Mwaka 1983 Bažant na Oh walionesha namna ya kuiingiza nishati hiyo kwenye elementi ili jibu lisibadilike kila ukubwa wa elementi unapobadilishwa. Bila sharti hilo, ukizigawa elementi nusu, nishati ya ufa nayo hugawanyika nusu, hadi unafika kwenye ukuta unaopasuka bure. Programu zote zinazostahili kuitwa za zege zina sharti hilo au mfano wake.

Ubishi uko kwenye njia ya kulifikia jibu.

Tangi moja, hesabu moja

Nachukua tangi la duara lenye nusu kipenyo cha mita 1.5, kina cha mita 2.5 na ukuta wa sentimita 15, likiwa juu ya ardhi na bila nondo. Maji yakijaa, shinikizo la chini kabisa ni takribani kilopaskali 24.5. Ukilizidisha kwa nusu kipenyo na kugawa kwa unene wa ukuta unapata mkazo wa mvutano wa megapaskali 0.245 kuzunguka duara. Hesabu hiyo haijali kwamba sakafu hushika ukuta kwa chini na kuupunguzia mvutano hapo, lakini kwa kusudi letu inatosha.

Sasa vifaa. Tuseme ukuta wa mchanga na saruji uliomwagiliwa maji vizuri una nguvu ya mvutano ya megapaskali 0.5, modulasi ya Young ya gigapaskali 5, na nishati ya ufa ya jouli 20 kwa mita ya mraba. Ni namba za mfano, zilizochaguliwa ndani ya kadirio la kawaida la vifaa hafifu vya saruji. Kwa namba hizo tangi lina akiba ya mara mbili. Lakini juu ya uwanda, maji ya kumwagilia tofali ni yaleyale ya kunywa. Matofali yakitoka kwenye kalibu Oktoba, mchanga ukiwa umekaushwa na jua, mtu anayenunua maji kwa ndoo hatayamwaga asubuhi na jioni kwa siku saba. Anamwaga mara moja, anafunika kwa majani au magunia, anaomba mawingu. Nguvu ya mvutano ikishuka hadi nusu, megapaskali 0.25, ile akiba yote imekwisha: tangi linafika ukingoni mwa kupasuka linapojaa kwa mara ya kwanza.

Hadi hapo kitatuzi chochote kitakubaliana na kingine. Tofauti huanza baada ya kilele.

Ukate ukuta huo kimawazo na kuunyoosha: ni ufito wenye urefu wa mita 9.4, yaani mzingo wa duara. Ukivutwa hadi megapaskali 0.5 unarefuka milimita 0.94. Ufa unapotokea sehemu moja, sehemu nyingine zote zinalegea na kurudi kwenye urefu wake wa awali. Ufa wenyewe, kwa mchoro wa mstari mnyoofu, umeachana kabisa unapofika upana wa milimita 0.08. Kwa hiyo njia halisi ya usawa wa ufito inaanzia sifuri, inapanda hadi milimita 0.94, kisha inarudi nyuma hadi milimita 0.08 mzigo ukiwa sifuri. Si njia inayosonga mbele tu. Nishati iliyohifadhiwa kwenye ufito wakati wa kilele ni jouli 236 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mkato. Ufa unahitaji 20 tu. Jouli 216 zilizobaki lazima ziende mahali fulani, na kwenye tangi halisi huenda kwenye kishindo, mtikisiko na maji yanayosukuma ukuta nje.

Kipimo cha hali hii, yaani urefu wa mpaka, kinajulikana: zidisha modulasi kwa nishati ya ufa mara mbili, gawa kwa mraba wa nguvu ya mvutano. Kwa namba zetu ni mita 0.8. Kitu kifupi kuliko hapo hupasuka kwa utulivu mashine ikikivuta kwa mwendo uliodhibitiwa; kirefu kuliko hapo hurudi nyuma. Tofali moja la inchi 18 liko upande wa utulivu. Tangi liko mbali sana upande wa pili.

Vitatuzi vinaiona njia hiyo kwa macho tofauti.

Mbinu ya Newton inayoongeza mzigo hatua kwa hatua hufika megapaskali 0.5 na kukwama. Hesabu haitulii. Mtumiaji anaambiwa kwa herufi nyekundu kwamba jibu halikupatikana, na wengi huandika kwenye ripoti kwamba huo ndio mzigo wa kuvunjika. Mara nyingi ni kweli, lakini kuhusu ufa hakuna lolote lililosemwa.

Mbinu ileile ikiongeza urefukaji badala ya mzigo hupita kilele kwa kuruka. Kwenye milimita 0.94 mkazo ni 0.5, kwenye hatua inayofuata jibu pekee lililobaki ni ukuta ulioachana, mkazo sifuri. Kama hesabu imetulia, mchoro unaonekana safi. Mtumiaji akikokotoa eneo chini ya mchoro huo anapata jouli 236, na akiandika kwamba ndiyo nishati iliyomezwa na ukuta, amekosea karibu mara kumi na mbili. Mzigo wa kilele ni sahihi, muda ni mfupi, na kwenye jedwali la sekunde kitatuzi hiki kinashinda.

Mbinu ya urefu wa tao, iliyotokana na kazi ya Riks na kuboreshwa na Crisfield mwaka 1981, ilibuniwa kwa ajili ya kurudi nyuma kama huku. Lakini kwa umbo lake la kawaida hupima hatua kwa misogeo ya nukta zote, na ufa ni msogeo wa nukta chache kati ya maelfu, hupotelea humo. De Borst alilionesha hilo mwaka 1987 na kupendekeza hatua ipimwe kwa kufunguka kwa ufa wenyewe. Gutiérrez alienda mbele mwaka 2004 kwa kuipima kwa nishati inayomezwa. Ukitumia mapendekezo hayo unapata jouli 20, kama inavyotakiwa.

Mbinu ya hatua fupi za wakati haitatui mfumo wa milinganyo kabisa; husogeza kila nukta kwa kani na uzito wake. Mashabiki wake husema haikwami kamwe, na ni kweli. Gharama yake ni sharti la Courant, Friedrichs na Lewy la mwaka 1928: hatua isizidi muda wa wimbi la sauti kuvuka elementi moja. Kwenye ukuta wetu, wenye uzito wa kilo 2,000 kwa mita ya ujazo, wimbi husafiri takribani mita 1,580 kwa sekunde, hivyo kwa elementi ya milimita 10 hatua ni kama sehemu sita kwa milioni za sekunde. Kuiga saa moja tu ya tangi kujaa kunahitaji zaidi ya hatua milioni 500. Hakuna anayefanya hivyo. Watu huharakisha ujazaji au huongeza uzito wa kubuni, kisha huweka breki ya kubuni ili mtikisiko utulie. Zile jouli 216 humezwa na breki hiyo, na mchoro unatoka laini kana kwamba ukuta ulipasuka kwa upole. Asiyechapisha mizania ya nishati hataona kitu.

Na kuna njia ambayo kwa maoni yangu imedharauliwa: mfuatano wa hatua nyoofu, uliopendekezwa na Rots huko Delft mwaka 2001. Hapa mchoro wa ufa hubadilishwa kuwa meno ya msumeno. Kila mara kompyuta hutatua tatizo nyoofu, hutafuta elementi iliyo karibu zaidi kuvunjika, huipunguzia ugumu kwa jino moja, kisha hutatua tena. Hakuna kutulia wala kutotulia, maana hakuna hesabu ya kurudiarudia ndani ya hatua. Kurudi nyuma hutokea pasipo kuombwa, kwa kuwa mzigo hukokotolewa upya kila jino. Ubaya wake ni idadi ya hatua, na kwamba mizigo ya aina mbili kwa pamoja, kwa mfano uzito wa ukuta na maji, huisumbua. Kwenye jedwali la sekunde hushika mkia.

Matriksi chini ya meza

Ndani ya kila mbinu, isipokuwa ile ya hatua fupi za wakati, kuna kazi ya kutatua mfumo mkubwa wa milinganyo nyoofu, na hapo napo pana ushindani. Upande mmoja ni vitatuzi vya moja kwa moja, wajukuu wa Gauss na Cholesky. Upande wa pili ni vya kukaribia jibu kidogokidogo, vilivyoanza na Hestenes na Stiefel mwaka 1952. Maoni yaliyotawala ni kwamba vya kwanza hula kumbukumbu ya kompyuta na havifai kwa vipande vya pande tatu, kwa hiyo mtu mwenye kompyuta ya mezani atumie vya pili.

Kwa jiwe la bwawa, ndiyo. Kwa tangi, hapana. Ukuta wa tangi ni mwembamba, na kwa macho ya utaratibu wa kuondoa namba moja baada ya nyingine unafanana na karatasi kuliko jiwe. Tangi letu kwa elementi za sentimita 5 lina milinganyo 116,000 hivi, na mpangilio mzuri wa namba huifanya itoshee kwenye gigabaiti chache. Kompyuta ya mkononi ya mwanafunzi inaimudu.

Lakini sababu yangu ya kupendelea kitatuzi cha moja kwa moja haihusu kumbukumbu. Kinapoigawa matriksi yenye ulinganifu, huacha nyuma namba za mshazari, na idadi ya namba hasi kati ya hizo ni sawa na idadi ya njia ambazo muundo unaweza kuziporomokea. Hii ni kanuni ya Sylvester, kongwe na ya uhakika. Namba hasi moja inapojitokeza, kompyuta imemwambia mhandisi kwamba ukuta umevuka mpaka. Mbinu ya Hestenes na Stiefel inadhania matriksi haina namba hasi. Zikijitokeza inaweza kuvunjika, au mbaya zaidi ikaendelea na kutoa jibu. Tena elementi zilizopasuka huwa na ugumu mdogo mara milioni kuliko jirani zake, na tofauti hiyo hurefusha kazi yake sana pale hasa tunapohitaji jibu. Nakubali kwamba hila nzuri za kuitayarisha matriksi hupunguza tatizo. Hazirudishi habari ile ya mshazari.

Pingamizi lenye uzito

Kuna atakayesema: tofauti ya tofali moja na jingine Newala ni kubwa kuliko kosa la kitatuzi chochote. Fundi mmoja hutoa matofali mengi kutoka mfuko mmoja wa saruji, mwingine hutoa machache. Mchanga wa kijiji hiki una udongo, wa kile hauna. Kokoto ngumu haipatikani juu ya uwanda, maana mwamba wa naisi na granaiti uko chini, kwenye vilima vya Masasi, na kuipandisha ni gharama. Katika hali hiyo, kujadili jouli 20 na 236 ni kupoteza wakati.

Nalichukua pingamizi hili kwa uzito kuliko mengine yote, na naamini linanisaidia. Kama vifaa vinatofautiana, hesabu moja haitoshi. Inabidi tuige tangi mara mamia, kila mara kwa namba za vifaa zilizochaguliwa kwa bahati nasibu ndani ya kadirio lake, kisha tuulize ni sehemu gani ya matangi hayo itapasuka na kwa namna gani. Sasa tuseme tumeiga mara 200 kwa mbinu ya Newton inayoongeza urefukaji, na hesabu 30 hazikutulia. Desturi ni kuziacha hizo 30 na kutoa takwimu kwa 170. Lakini hazikukwama kwa bahati mbaya. Zilizokwama ni zile ambazo nishati yake ya ufa ni ndogo kulingana na nguvu yake, yaani zenye kurudi nyuma kwa ukali zaidi. Zilizobaki ni zile ambazo nyufa zake hufunguka taratibu. Kitatuzi kimetuchujia matangi ya hatari na kutuachia ya upole, kisha tunasema kwa wastani matangi ni salama.

Hili ndilo kosa ambalo jedwali la sekunde haliwezi kulionesha, na kwa kweli hulifunika, kwa sababu hesabu zinazokwama ndizo zinazokula muda. Ukiziondoa, wastani wa sekunde hushuka.

Ieleweke pia kwamba udhaifu na kupasuka kwa ghafla havifuatani lazima. Tofali ambalo halikumwagiliwa, lenye mvutano wa 0.25, modulasi ya gigapaskali 3 na nishati ya jouli 8, lina urefu wa mpaka wa mita 0.77, karibu sawa na la awali. Nishati ikishuka hadi jouli 4, urefu huo unakuwa mita 0.38, na hapo hata tofali moja haliko tena upande wa utulivu. Namba inayoamua ni nishati ya ufa, ile ambayo mchemraba hauitoi. Kuipima kuna utaratibu, boriti ndogo yenye mkato katikati, kama chama cha kimataifa cha RILEM kilivyopendekeza mwaka 1985. Lakini utaratibu huo unataka mashine inayodhibiti mwendo, na mashine nyingi za kuvunja michemraba hazidhibiti mwendo kwa namna hiyo.

Pingamizi jingine hutumia mkasa wa Sleipner A. Tarehe 23 Agosti 1991 jukwaa hilo la zege la Norwei lilizama katika ghuba ya Gandsfjorden kwa sababu hesabu ya elementi ilikadiria mkazo wa mkato chini kwa asilimia 47 kwenye viungo vya kuta zake. Kitatuzi, wanasema, kilitatua matriksi yake bila kosa. Tatizo lilikuwa elementi zilizochorwa vibaya. Kwa nini basi tuhangaike na kitatuzi? Jibu ni kwamba hesabu ile ilikuwa nyoofu, na kwenye hesabu nyoofu kitatuzi chochote kizuri hufika jibu lilelile. Zege lililopasuka lina majibu zaidi ya moja, na kitatuzi ndicho kinachochagua lipi tulione.

Kuhusu nondo na wavu ndani ya lipu, hakika hubadilisha mambo: badala ya ufa mmoja zinakuja nyufa nyingi nyembamba, kila moja na kushuka kwake kudogo. Hilo linaifanya mbinu ya meno ya msumeno ifae zaidi, kwani Newton inalazimika kuvuka vilele vingi badala ya kimoja.

Kuvuka mpaka wa tangi

Hoja haiishii kwenye maji. Uwanda usio na mwamba mgumu unavutia ujenzi wa barabara kwa udongo uliochanganywa na saruji, na mwongozo wa Tanzania wa usanifu wa barabara wa mwaka 1999 una madaraja ya tabaka hizo, C2, C1 na CM, yenye nguvu ya mgandamizo isiyopungua megapaskali 2, 1 na 0.5. Njia ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi ina kilomita 160. Popote tabaka la saruji linapolazwa kwa urefu mkubwa bila kiungo, ni ufito mrefu kuliko tangi lolote, na swali la kurudi nyuma linarudi kwa ukali. Sitadai kwamba hesabu ya tangi inahamia barabarani kama ilivyo, kwani msuguano na tabaka la chini hubadili mambo. Nadai kwamba anayeiga tabaka hilo kwa mbinu iliyoshinda jedwali la sekunde hajui anachokiona hadi achapishe nishati.

Wala hakuna kisingizio cha leseni. Programu ya Code_Aster ya Ufaransa iko huru tangu mwaka 2001. OOFEM ya Prague iko huru pia, nayo imetungwa na watu wa zege. Mwanafunzi wa uhandisi anayetoka Masasi kwenda Dar es Salaam anaweza kuzipakua zote kwenye kompyuta yake na kurudi nazo likizo.

Kwa tangi la kaya, na kwa kila muundo mwembamba wa saruji ambao mtu wa wilayani ataombwa kuukagua, napendekeza mfuatano wa hatua nyoofu juu ya kitatuzi cha moja kwa moja, na urefu wa tao unaopimwa kwa nishati pale mizigo inapochanganyika. Mbinu ya hatua fupi za wakati ibaki kwa mshtuko na tetemeko, kazi iliyoumbiwa.

Kwa wahariri na wasomaji wa miswada katika majarida yetu ya uhandisi nina ombi lenye sehemu mbili. Mswada wowote unaolinganisha vitatuzi vya zege usipokelewe kama hauna mchoro wa mizania ya nishati, ukionesha ufa ulimeza kiasi gani na breki ya kubuni ilimeza kiasi gani. Na mwandishi aeleze ni hesabu ngapi zilikwama, kwa vifaa vya namba zipi, na alizifanyia nini.